Muheza Haichanui

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Dereva, na alibaki Dereva hata baada ya kurudisha funguo za lori la mwisho na kuanza kutembea kwa miguu kama sisi wengine, akitazama kushoto na kulia kabla ya kukatiza uchochoro ambao hata baiskeli hupita kwa shida. Mama yangu ni Mnyiha wa Itaka, ulimi wake haujawahi kupatana na herufi r, kwa hiyo yeye alimwita Deleva. Dereva alipenda mno kurekebisha watu, lakini hilo hakulirekebisha kamwe. "Shemeji akiniita hivyo," alisema, "najiona bado kijana."

Nyumba yake ilitazamana na yetu, nyuma kidogo ya barabara kuu ambapo malori hupanga foleni kwenda mpakani. Tunduma ni mji wa kupita. Watu hulala chini ya matrela, hupika chai kwenye majiko ya gesi pembeni mwa matairi, huuliza bei ya kila kitu kisha huondoka. Yeye alikuwa mtu wa Tanga aliyepita hapa mara nyingi hadi siku moja akaacha kupita. Alioa, akajenga, akatundika maua.

Ukisukuma geti lake la bati, masikio bado yamejaa honi, ulikutana na ukimya wa kijani. Barazani kulining'inia mimea inayotambaa, yenye majani manene kama ngozi ya mkanda. Maua yake hutoka kwa vishada, nyota ndogo ngumu zinazong'aa kana kwamba mtu alizichovya kwenye mshumaa ulioyeyuka. Wenye vitabu huuita mmea huo hoya. Sisi tuliuita ua la nta, na watoto wa mtaa waliuita plastiki, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba kitu kile kimeota chenyewe.

Aliyapanda kwenye madumu ya oili yaliyokatwa katikati, yaliyofungwa kwa kamba za turubai kwa yale mafundo ambayo madereva pekee huyajua. Ndani hakutia udongo. Alitia makumbi ya nazi, ambayo wenzake walimletea kutoka Tanga chini ya shehena za watu, pamoja na mkaa uliopondwa na vipande vya magome. "Udongo ni wa mahindi na wa maiti," alisema. "Nta inataka kupumua."

Kila mmea aliuita kwa mahali alipoupata. Nakonde ilikuwa ile yenye majani yaliyojikunja na kubanana, kama nguo iliyokamuliwa ikasahaulika kuanikwa. Kapiri ilikuwa na majani yenye umbo la moyo. Mpika ilining'inia kama mvua nyembamba, majani yake yana vinyweleo ambavyo alituonya tusiviguse, nasi tukavigusa. Ile ya Kamsamba aliikuta imesongwa na vyungu vya mama mmoja wakati alipokwenda kupakia mpunga. Maua yake meupe yalikuwa madogo kuliko punje ya mchele, lakini jua likizama yalimwaga harufu ya mdalasini hadi barabarani, na madereva wa foleni wakawa wanauliza nani anapika pilau.

Alikuwa na mchezo wake. Alifumba macho na kunyoosha mkono nyuma ya mgongo. "Niwekee jani," alisema. Uliweka jani, yeye akalisugua kwa kidole gumba, akalipinda, akasikiliza linavyokatika. "Mpika." Uliweka jingine. "Hii Kapiri, tena umelichuma bichi, mshenzi wewe." Siku moja mkewe alimwekea jani la kabichi. Dereva alilisugua muda mrefu kwa uso wa kikazi. "Hii," alisema, "ni mboga yetu ya leo, na kama kawaida imekosa chumvi." Mkewe alimpiga mgongoni kwa kitambaa cha vyombo, na sisi tuliokuwa kwenye ngazi tukacheka mpaka tukapaliwa.

Lakini hakuwa mwepesi wa kupendwa. Mtu akimwomba kipande cha kupanda alikataa kavu kavu. "Nenda ukaibe. Cha kuomba hakishiki." Naye aliiba kweli. Kwenye nyumba za wageni, mapokezi ya ofisi, veranda za mapadri, alipita na kiwembe kidogo ndani ya kofia yake ya kufuma, akatoka na kipande chenye vifundo viwili kimefungwa kwenye gazeti lenye maji. Mtu huyo huyo aliwahi kumrudishia mwanamke wa Nakonde chenji aliyozidishiwa, akavuka mpaka kwa miguu kwenye jua, akarudi akilalamika kwamba yule mwanamke alimshukuru kwa "mukwai, mukwai" za heshima nyingi mno hadi watu wakadhani amemchumbia.

Foleni ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote duniani. Hata foleni ya maji bombani ilimtoa jasho. Na bado ndiye mtu niliyemwona akingoja kuliko watu wote. Hoya hukaa hata miaka bila ua. Ukiisogeza inanuna, ukiikata vibaya inasahau. Na kikonyo kilichotoa ua, hata kikikauka kikawa kama kijiti cha kiberiti, haramu kukigusa, kwa sababu ua linalofuata hutokea hapo hapo. Yote hayo alitufundisha kwa lugha ya gereji. Mmea ni dizeli, alisema, si petroli, haupendi kushtuliwa. Na kuhusu maji alikuwa na hubiri lake, ambalo mgeni yeyote alilipata kabla ya chai: "Maji kwa nta ni kama pombe kwa dereva. Kidogo unachangamka. Nyingi unapinduka na mzigo wa watu."

Mkewe, tuliyemwita Mama Dereva, kila hubiri hilo lilipoanza aliinuka kwenda kuangalia moto jikoni. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipojua ni kwa nini.

Alikuwa Mndali wa Ibaba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesilimu alipoolewa na bado alijikuta akiimba nyimbo za kwaya ya kwao akichambua maharage. Yeye na mama yangu waliitana dada, kwa kuwa wote wawili walitoka milimani na wote wawili waliona Tunduma kuna vumbi lisilo na adabu. Ndiyo maana Dereva alimwita mama yangu shemeji. Mama hulima kahawa Itaka hadi leo, huenda na kurudi kwa majira, na Dereva hakuchoka kumtania. "Shemeji, kahawa ni mti wa watu wenye haraka. Mwaka mmoja tu unadai matunda!" Mama alimjibu, "Na wewe, Deleva, umelima nini watoto wa watu wakala?"

Sasa niseme kuhusu Muheza, mmea alioutoa kwa mama yake, kwa kuwa ndiyo iliyomweka Dereva mjini kwetu na ndiyo iliyouvunja moyo wake.

Mama yake alifia Muheza wakati yeye amekwama na mzigo upande wa pili wa mpaka, kwenye foleni isiyosogea. Wakati huo habari zilipitia kwa madereva, lori hadi lori. Alipozipata aliliacha lori kwa mwenzake na kudandia magari ya watu hadi Tanga. Alifika kaburi limeshakauka juu. Watu walishatawanyika, mikeka imeshakunjwa. Nyuma ya nyumba, mlangoni mwa jiko, ulikuwepo mti wa ua la nta alioupanda mama yake, unaotoa maua ya rangi ya zambarau iliyoiva, karibu nyeusi. Mama yake alikuwa akiliita ua la mwanamke aliyekasirika. Dereva alikata kipande, akakifunga kwenye gunia bichi, akakileta Tunduma kwa mkewe aliyekuwa amemwoa karibuni. Hakukubali mtu ampe pole. Aliyejaribu alimkatisha: "Nitakaa matanga likichanua."

Halikuchanua. Mwaka ukaenda, na mwingine. Dumu la Muheza lilikaa mahali pa heshima, kona ya baraza isiyopigwa na upepo wa Juni, na mmea ulikua vizuri, majani yake marefu yenye madoa ya fedha kama mate ya konokono. Lakini ua halikutoka. "Baridi," alisema Dereva. "Muheza ni mtu wa joto. Anazoea pole pole." Hata majani yalipotoka mafupi kidogo na mapana kuliko alivyoyakumbuka, alisema ni baridi. Mtu aliyeweza kulitambua jani nyuma ya mgongo wake, hilo moja hakuwahi kulitilia shaka.

Mwaka mmoja aliamua kuupeleka Kamsamba, bondeni kuelekea Rukwa, kwenye joto la kupikia uji. Alimwomba rafiki mwenye fuso. Mkewe akasema hauendi peke yake. Alifunga kanga zake, akapanda fuso na dumu mapajani, akakaa kule kwa ndugu wa mbali pamoja na mbu na ng'ombe, hadi Dereva aliposalimu amri na kuurudisha mmea. Mtaa ulicheka sana. "Mama Dereva kaenda likizo na ua!" Alirudi amekonda, ana malaria. Dereva alisimama getini akatuambia sote, macho yamemjaa machozi, "Mnaona? Hakuna mwanamke anayemheshimu marehemu mkwewe kama huyu."

Mama yangu aliingia ndani akafunga mlango. Alikuwa akilia. Nilimuuliza kwa nini, na jibu lilikuja baada ya miaka, tulipokuwa wawili tu shambani Itaka tukichuma.

Muheza ilikufa zamani. Ilikufa kwenye kipupwe chake cha kwanza, Dereva akiwa safarini Lubumbashi. Mama Dereva alikuwa bado msichana, hajui kitu kuhusu nta. Aliuona mmea umenyauka kwa baridi akadhani una kiu. Akaumwagia maji, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote. Shina likawa jeusi, laini kama ndizi iliyooza. Alipokuja kumwita mama yangu alikuwa amelikumbatia dumu. Kisha akapanda gari la Ileje, akaenda Ibaba kwao, ambako barazani kwa baba yake kulikuwa na ua la nta pia, majani yake yanafanana na yale kama ndugu wa baba mmoja, yana madoa ya fedha vile vile. Akakata kipande. Akakipanda kwenye dumu lile lile. Dereva aliporudi aliusifu kwa kushika vizuri.

Majani yalifanana. Maua hayakufanana. Ua la Ibaba ni jeupe linaloelekea waridi, na Mama Dereva alijua kwamba siku moja tu ya maua ingemaliza kila kitu. Kwa hiyo alilinda. Alivivunja vitumba vikiwa bado vidogo kama vichwa vya pini, mumewe akiwa barabarani, na alipostaafu, mumewe akiwa msikitini Ijumaa. Ndicho alichokwenda kufanya Kamsamba.

"Nilimwambia amwambie," mama alisema, mikono yake haikuacha kuchuma. "Mala ngapi. Akaniuliza, nimwambie nini, dada? Kwamba alinikabidhi mama yake mkononi nami nikamzamisha?"

Hivyo ndivyo watu wale wawili walivyoishi. Mmoja akingoja ua, mwingine akilizuia, na kati yao hapakuwa na neno baya hata moja. Nimewaona wakila sahani moja. Nimemwona Dereva akimpaka mkewe mafuta ya karafuu magotini na kumtukana daktari kwa niaba yake. Nimemwona akiondoa vidung'ata, wale wadudu weupe, kwenye majani kwa pamba yenye spiriti, akiwaomba radhi mmoja mmoja, "samahani bwana, hii nyumba ina wenyewe," naye mkewe kando akimshikia chupa, akicheka, huku jicho lake moja likikagua Muheza.

Figo ndizo zilizomwangusha Mama Dereva. Alikaa hospitali Mbeya muda mrefu, kisha wakamrudisha nyumbani kwa namna ile ambayo kila mtu huielewa. Mama yangu alishinda naye. Siku za mwisho alimshika mkono akamwambia, "Dada, ile nta ya Ibaba isichanue. Akinizika mimi, asimzike na mama yake."

Mama akaahidi. Ni mkulima wa kahawa, aliahidi kama mtu anavyoahidi kufunga ng'ombe.

Alifariki kwenye kipupwe, akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Wanawake walijaa uani, wakafagia, wakaosha, wakapika. Siku ya pili ya msiba mama yangu alitoka na ndoo ya maji barazani, akainua macho, akaganda. Kwa muda wote ambao Mama Dereva alikuwa hospitali hakuna mkono uliopita pale. Muheza ilikuwa imerusha kamba ndefu zisizo na majani, na kwenye vikonyo vyake kulikuwa na vitumba, vishada vizima, tayari vimeanza kuvimba. Dereva alikuwa chumbani na wanaume. Hakuwa ametazama juu tangu mazishi.

Mama alikuja nyumbani kwetu. Alichukua mkasi wake wa kupogolea kahawa. Alirudi, akapanda kwenye kigoda, akakata kamba zote za Muheza, vikonyo vyote. Kisha, ili isionekane amechagua, akakata na Nakonde. Akakata Kapiri, akakata Kamsamba yenye mdalasini, akaipunguza Mpika hadi ikawa kama ndevu za jana. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya wali. Utomvu mweupe ulidondoka sakafuni kama maziwa.

Dereva alitoka.

Wanawake walisogea kumpisha.

"Shemeji," alisema. "Umefanya nini?"

"Nimetoa maotea, Deleva," mama alijibu, mkasi bado mkononi. "Yalikuwa yananyonya mti. Kahawa ukiyaacha..."

"Hii si kahawa."

"Sikujua, Deleva."

Laiti angefoka. Mtaa mzima ulimjua kwa kufoka. Aliinama, akaokota vipande kimoja kimoja, akavigeuza, akavipanga kwenye ungo uliokuwa na mchele wa msiba. Kipande cha Muheza chenye vitumba alikishika muda mrefu, utomvu ukimtiririkia kwenye vidole. "Ilikuwa tayari," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea na mwenzake kitandani. "Mke wangu, ilikuwa tayari."

Mama alishuka kigodani. Sijawahi kumwona mtu akibeba aibu isiyo yake kwa mgongo ulionyooka vile. Tangu hapo akawa kichekesho cha mtaa. Akiingia msibani watu walificha visu. "Mama, hapa hakuna kahawa!" Vijana wa bodaboda walimwomba awapunguze nywele. Alicheka nao. "Ndiyo mimi, mshamba wa Itaka," alisema, "leteni vichwa." Usiku wa kuamkia arobaini aliniambia kwamba anamwonea wivu marehemu, aliyekwisha kuutua mzigo wake.

Kwa muda Dereva na mama yangu walibaki na salamu tu. "Salama, shemeji." "Salama, Deleva." Kisha Dereva akauchukua mti wa Muheza, akauingiza chumbani kwake, kwenye dirisha la mashariki, na kufunga mlango. Kule mama yangu hangeweza kufika. Mwanamke haingii chumba cha kulala cha mgane, hata awe shemeji, hata awe na ahadi. Alibuni sababu. Alipeleka uji, alipeleka viazi vya Ibaba, alijitolea kumfulia mashuka. Dereva alipokelea kila kitu barazani. "Asante, shemeji. Lakini chumbani nina mgonjwa."

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Mbeya kwa kazi ya uandishi. Nilikuwa nikirudi mwisho wa mwezi, nikimkuta Dereva amepungua kila mara, kama mtu anayefutwa pole pole. Mimea mingine ilichipua upya, lakini hakuitambulisha tena kwa wageni. Mchezo wa majani aliuacha. Nilimwekea jani siku moja mkononi bila kuombwa, akalishika tu. "Mwanangu," alisema, "sina wa kunipa kabichi."

Kisha, mwaka huu, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu yangu. Alikuwa akipumua kama aliyepanda mlima. "Mwandishi! Njoo nyumbani. Muheza imeweka vitumba. Dirisha limeipenda. Wiki hii hii inafunguka. Njoo, nataka shahidi. Na usimwambie shemeji, asije na panga."

Nilimwambia mama, bila shaka. Kwenye simu nilimsikia akiweka ndoo chini.

"Basi," alisema. "Mkono wangu haufiki huko."

Nilifika Tunduma alasiri, vumbi la malori limening'inia hewani. Dereva alikuwa mlangoni, amevaa kanzu ya Idi na kofia yake ya kufuma. Aliniongoza chumbani. Sijawahi kuingia humo kabla. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande mmoja tu, upande wa pili kumelazwa kanga zilizokunjwa. Dirishani, kwenye mwanga hafifu wa alasiri, Muheza ilikuwa imefungua kishada kimoja.

Maua yalikuwa meupe, weupe wenye damu kidogo ndani yake kama sikio la mtoto, na katikati ya kila nyota nyota nyingine ndogo nyekundu. Yalikuwa mazuri hadi nikatamani yasingekuwepo.

"Limefunguka saa ngapi?" niliuliza, kwa kuwa nilikosa la kuuliza.

"Alfajiri. Nilitoka kuswali, nikalikuta." Alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wake. "Niliwaza kwanza, ni baridi. Baridi imelipausha. Nikakaa na hilo wazo hadi saa nne." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi naijua nta, mwanangu. Nta haipaushwi na baridi. Ua la mama yangu lilikuwa jeusi."

Alilitazama tena.

"Na hili nalijua. Ndiyo tabu. Lingekuwa geni ningesema nilikosea kukata. Hili lilikuwa barazani kwa mkwe wangu, Ibaba, siku niliyokwenda na wazee kuposa. Baba yake alikuwa mkali, mimi mtu wa pwani, dini mbali, nimevaa suruali ya kuazima. Niliogopa kumtazama yeyote. Nikalitazama ua. Nimelitazama mchana kutwa." Alinyoosha kidole, akaligusa kwa chini, kama mtu anavyoinua kidevu cha mtoto. "Hii ni Ibaba."

Malori yalipiga honi barabarani. Nilijikuta nikivuka uchochoro mbio, nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha jikoni, kanga begani, kama aliyekuwa akingoja kuitwa.

Alisimama mlangoni mwa chumba, hakuvuka kizingiti.

"Ingia, shemeji," alisema Dereva bila kugeuka. "Hakuna mgonjwa tena."

Mama aliingia. Alilitazama ua, kisha akaitazama mikono yake.

"Ile ya mama yangu ilikufa lini?" Dereva aliuliza.

"Kipupwe cha kwanza, Deleva. Ulikuwa Lubumbashi."

"Kwa nini?"

"Maji."

Alifumba macho. Niliona hubiri lake lote la miaka likimpita usoni, kila mgeni, kila chai, na mwanamke anayeinuka kwenda kuangalia moto. "Mungu wangu," alisema. "Na mimi nikawa nalisema. Kila siku nikawa nalisema." Alifumbua macho. "Na wewe ule mkasi?"

"Aliniomba."

"Na mtaa umekucheka muda wote huu."

"Wacha wacheke. Kahawa yangu iko salama."

Alitaka kutabasamu, uso ukakataa. "Kile kipande kilichokufa alikitupa?"

"Akitupe?" Mama alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Tulikizika. Kona ya bafu, pale penye jiwe la kufulia. Yeye na mimi."

Dereva aligeuka, akatutazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee ghafla, mzee wa kutisha, na ndani ya uzee huo nilimwona kijana aliyefika Muheza akakuta mikeka imekunjwa. "Hata hayo mazishi," alisema, "nikayakosa."

Mama yangu alivua ndala zake. Alishuka sakafuni, kwenye sementi baridi, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa msibani, akajifunika kanga kichwani.

"Pole, Deleva," alisema. "Pole kwa kufiwa na mama."

Nilidhani atamkatisha. Aliteremka kitandani pole pole, akishikilia ukingo, akaketi sakafuni mbele yake, kanzu imejikunja magotini. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, nayo hayakuonekana kumsumbua.

"Asante, shemeji," alisema. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi nisimulie. Kulikuwaje?"

Mama aliweka mikono yake mapajani. "Kulikuwa na manyunyu," alisema. "Udongo ulikuwa laini. Haukutupa shida."